Kuchapisha maandishi ya kiufundi mtandaoni: uandike kwa fomati ipi, uchapishe kwa zana gani

Maswali ni yaleyale kila mara. "Nitumie WordPress au kitu kingine?" "Niweke PDF au ukurasa wa kawaida?" "Mpaka nijue HTML ndiyo nianze?" Anayeuliza huwa tayari ana kitu cha maana cha kueleza: namna ya kusimika seva, kuandaa ramani kwa QGIS, kuokoa data kwenye diski iliyokorofisha. Kilichomkwamisha ni kuchagua tu, na kuchagua kunachosha kwa sababu zana ni nyingi na kila moja ina mashabiki wake wanaoapa kwamba hakuna nyingine.

Tusizunguke mbuyu. Amua kwanza fomati utakayoandikia, halafu ndiyo utafute zana ya kuchapishia. Zana huja na kuondoka: GeoCities, iliyohifadhi tovuti za watu bure, ilifungwa mwaka 2009, na Google Code, iliyohifadhi msimbo, ikafuata mwaka 2016. Huduma ikifungwa, mwenye maandishi yake kwenye faili za kawaida huhamia kwingine bila makelele. Aliyekuwa akiandika moja kwa moja ndani ya kisanduku cha tovuti ndiye anayekesha akinakili ukurasa mmoja mmoja.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta. Simu utaihitaji wakati wa kukagua, lakini kupanga faili na kuendesha amri kwenye simu kutakutesa bure.
- Programu ya kuandikia maandishi matupu: Notepad++, VS Code, Kate, au nyingine ya aina hiyo. Word na LibreOffice Writer hazifai hapa. Sababu utaiona hatua ya 4.
- Pandoc. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ilianzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, ambaye kazi yake ni kufundisha falsafa, na inageuza maandishi kutoka fomati moja kwenda nyingine.
- Makala moja halisi, hata kama haijakamilika. Ukichagua zana ukiwa huna cha kuweka ndani yake, utaishia kubadilisha rangi za tovuti tupu wiki nzima.

HTML, lugha inayotengenezea kurasa za wavuti, si lazima uijue. Ukiifahamu kidogo itakufaa siku mambo yakiharibika, basi.

## Hatua 1: Jiulize msomaji atayafanyia nini maandishi yako

Swali hili ndilo linaloamua fomati ya mwisho, na wengi hulipita.

Kama atanakili amri na kuzijaribu, mpe ukurasa wa HTML. Kama atachapa karatasi na kuibandika karibu na mashine, mpe PDF. Kama ni kitabu kizima atakachosoma polepole bila mtandao, EPUB inafaa. Kama jambo lenyewe ni la mikono, mfano kufungua kifuniko cha kompyuta ya mkononi bila kuvunja vishikizo, hapo video inashinda maneno. Lakini tafadhali usirekodi video ya amri za terminali (dirisha la kuandikia amri): hakuna anayeweza kunakili amri kutoka kwenye video.

PDF inastahili maneno zaidi kwa sababu ndiyo inayoponza wengi. Adobe waliitoa mwaka 1993 ili ukurasa ubaki vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Tatizo ni kwamba ukurasa unabaki vilevile hata kwenye skrini ya simu: msomaji anakuza maandishi, anasogeza kulia, anarudi kushoto, mstari baada ya mstari. Tena akinakili msimbo kutoka kwenye PDF, nafasi za mwanzo wa mistari mara nyingi hupotea, na Python bila nafasi hizo haiendi. Kwa hiyo toa PDF kama nyongeza ya ukurasa, isiwe badala yake.

Kosa la kawaida: kupakia faili la `.docx` na kumwambia msomaji alipakue. Nusu yao watalifungua kwenye simu, majedwali yatavurugika, nao watakulaumu wewe.

## Hatua 2: Andika kwa Markdown, isipokuwa una sababu ya kutofanya hivyo

Markdown ilitolewa na John Gruber mwaka 2004. Ni maandishi matupu yenye alama chache: `#` kwa kichwa, `-` kwa orodha, `**` kwa maneno mazito, na mabano kwa viungo. Unaweza kujifunza yote ya muhimu kabla chai haijapoa.

```
# Kusimika Nginx

Kwanza sasisha orodha ya vifurushi:

- fungua terminali
- endesha amri iliyo hapa chini

![Ukurasa wa kwanza wa Nginx](picha/nginx-01.png)
```

Ubaya wake ni kwamba kuna lahaja kadhaa, kwa sababu maelezo ya mwanzo yaliacha mianya. CommonMark, iliyoanza mwaka 2014, ilikuja kuziba mianya hiyo, na GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo na kuufanyia kazi pamoja) wanatumia lahaja iliyojengwa juu yake. Andika kwa kufuata CommonMark, acha mstari mtupu kabla na baada ya kila orodha, nawe utaepuka matatizo mengi.

Sababu za kwenda kwingine zipo, ila si nyingi. Kitabu chenye marejeo ya ndani kwa ndani na majedwali magumu kitakaa vizuri zaidi kwenye AsciiDoc. Maelezo ya maktaba ya Python yana mazoea ya reStructuredText na Sphinx. Hesabu nzito za kupeleka kwenye jarida la kitaaluma ni za LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi ya kitaaluma. Kama hukujiona kwenye mojawapo ya hizo, baki na Markdown.

Una makala za zamani kwenye Word? Usizichape upya. Fungua terminali ndani ya folda yake, kisha:

```
pandoc makala.docx -t gfm --extract-media=picha -o makala.md
```

Pandoc itatoa maandishi kama Markdown na picha itaziweka kwenye folda pembeni. Majedwali yakague kwa macho yako, usiyaamini.

## Hatua 3: Panga folda na utambulisho wa makala

```
makala/
  nginx-seva-ya-kwanza.md
  picha/
    nginx-01.png
    nginx-02.png
```

Majina ya faili yawe ya herufi ndogo, bila nafasi, maneno yaunganishwe kwa kistari. Hili si suala la urembo. Windows haitofautishi `Picha1.PNG` na `picha1.png`, seva nyingi zinaendeshwa na Linux, na Linux inatofautisha. Ndiyo maana picha inayoonekana vizuri nyumbani inapotea mtandaoni.

Juu kabisa ya kila makala weka utambulisho:

```
---
title: "Nginx: seva ya kwanza"
lang: sw
date: 2025-03-10
---
```

Kichwa chenye nukta mbili lazima kiwe ndani ya alama za nukuu. Mstari wa `lang: sw` usiuache: ndio unaoiambia programu ya kusomea wasioona kwamba haya ni Kiswahili, isije ikayasoma kwa matamshi ya Kiingereza.

Ndani ya aya ya kwanza taja toleo la programu unayoizungumzia. Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na mpaka leo wanaoanza wanakutana na mafunzo yenye `print "habari"` yasiyosema ni ya Python ipi. Wanajaribu, linagoma, wanadhani wao ndio hawajui.

Kama unaijua Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, itumie tangu siku ya kwanza. Kama huijui, nakili folda nzima mahali pengine kila ukimaliza kazi, uendelee. Git isiwe sababu ya makala ya kwanza kuchelewa.

## Hatua 4: Amri na msimbo

Hapa ndipo maandishi ya kiufundi yanapotofautiana na mengine yote, kwa hiyo twende taratibu.

Word hubadilisha alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda ili barua ipendeze. Kwenye amri ni maafa. Chukua hii:

```
grep “hitilafu ya diski” mfumo.log
```

Kwa macho iko sawa. Ukiiendesha, terminali haitambui nukuu zilizopinda, kwa hiyo inayakata maneno matatu, inatafuta la kwanza pekee, na mawili yaliyobaki inayachukulia kuwa majina ya faili. Jibu linakuwa `grep: ya: No such file or directory`. Msomaji anabaki akijiuliza hilo faili liitwalo `ya` limetoka wapi. Ni hivyohivyo kwa vistari viwili: `--help` inageuzwa kuwa kistari kimoja kirefu, na amri inakataa.

Kwa hiyo:

- Kila amri au msimbo uwe kati ya mistari miwili yenye alama tatu za ` (ile iliyo karibu na namba 1 kwenye kibodi nyingi). Baada ya zile za juu andika jina la lugha, mfano `python` au `bash`, ili zana za kuchapisha zipake rangi.
- Usitangulize `$` mbele ya amri za kunakiliwa. Msomaji atainakili pamoja nayo.
- Tenganisha amri na majibu yake. Kila kimoja kiwe na kisanduku chake.
- Panapohitaji jina la msomaji, andika kwa herufi kubwa, `JINA_LAKO`, na useme waziwazi kwamba abadilishe.
- Kwa mifano ya tovuti tumia `example.com`, na kwa anwani za IP tumia zinazoanza na `192.0.2.`. Zimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, hivyo hutamwelekeza mtu kwenye mashine ya mwingine.

Onyo: kabla ya kubandika faili la mipangilio, tafuta nywila na funguo za siri ndani yake. Ukigundua umeshachapisha ufunguo kwa Git, kuufuta kwenye faili hakutoshi, maana historia inabaki nao. Ubatilishe huko ulikoupata, uchukue mpya.

## Hatua 5: Picha, michoro na hesabu

Picha za skrini ziwe PNG. JPEG huacha madoa kuzunguka herufi. Picha za kamera ziwe JPEG au WebP. Michoro ya mistari na masanduku iwe SVG, ambayo haififii hata ukiikuza vipi. Michoro midogo unaweza kuiandika kwa maneno kupitia Mermaid, nayo GitHub inaichora yenyewe tangu 2022.

Usipige picha ya maandishi ya hitilafu. Yaandike. Mtu mwenye hitilafu hiyohiyo atayatafuta kwa maneno yake, na injini za utafutaji haziwezi kuitegemea picha yako.

Kila picha ipe maelezo ndani ya mabano ya mraba. "Picha ya 1" si maelezo. "Dirisha la mipangilio, kitufe cha Hifadhi kikiwa chini kulia" ni maelezo.

Hesabu: andika kwa alama za LaTeX kati ya `$` na `$`, kisha Pandoc izigeuze kuwa MathML, fomati ya hesabu kwenye kurasa za wavuti, kwa `--mathml`. Vivinjari vikubwa vyote vinaisoma MathML tangu Chrome ilipoikubali mwaka 2023. Kama wasomaji wako wana vivinjari vya zamani, tumia `--mathjax`.

## Hatua 6: Chagua zana ya kutengeneza kurasa

Makala moja au mbili: Pandoc peke yake.

```
pandoc makala.md -s --toc --mathml --embed-resources -o makala.html
```

Unapata faili moja lenye kila kitu ndani, picha zikiwemo. Unaweza kulipakia popote au kumtumia mtu moja kwa moja. Kwa `-o makala.epub` unapata kitabu cha kusomea kwenye simu. Watu wengi wanaohangaika na mifumo mikubwa walikuwa wanahitaji hii tu.

Mwongozo wenye sura nyingi: MkDocs. Inahitaji Python.

```
pip install mkdocs
mkdocs new mwongozo
cd mwongozo
mkdocs serve
```

Fungua `http://127.0.0.1:8000` kwenye kivinjari. Weka makala zako kwenye folda ya `docs`, nazo zitaonekana hapo hapo unapohifadhi, na sehemu ya kutafuta maneno imo tayari. Ukiridhika, `mkdocs build` inakutengenezea folda iitwayo `site`, ambayo ndiyo tovuti yenyewe.

Makala zinazoongezeka kwa tarehe: Hugo. Ni programu moja isiyohitaji nyingine pembeni, na ina kasi ya ajabu hata kurasa zikiwa maelfu. Mipangilio yake ndiyo inayoumiza kichwa mwanzoni. Jekyll ni ya kale zaidi na inafanya kazi hiyohiyo. Faida yake ni kwamba GitHub Pages inaiendesha bila wewe kusimika chochote.

Waandishi wengi wasiotaka kuona terminali: WordPress. Hapo haina mpinzani. Lakini fahamu unachobeba: kuna hifadhidata, kuna PHP, kuna nyongeza za kusasisha kila mara, na usiposasisha utavamiwa. Ukiamua kuitumia, amri zote ziweke kwenye kisanduku cha msimbo, kwa sababu kwenye aya za kawaida WordPress nayo hupindisha alama za nukuu.

Kosa la kawaida: kuchagua zana kwa kuangalia muonekano. Muonekano unabadilishwa mchana mmoja. Angalia kama unaweza kutoa maandishi yako yote kwa Markdown siku ukitaka kuondoka. Kama haiwezekani, ipite.

## Hatua 7: Mahali pa kuiweka

Pandoc, MkDocs na Hugo zote hutoa faili zisizohitaji hifadhidata, kwa hiyo huduma za bure zinatosha: GitHub Pages, GitLab Pages, Cloudflare Pages, Netlify. Kama Git ni ngeni kwako, Netlify na Cloudflare Pages zinakubali uburute folda kwenye kivinjari na kazi ikaisha. Kwa MkDocs na GitHub, amri ni moja: `mkdocs gh-deploy`.

Mipaka ipo. Tovuti ya GitHub Pages isizidi GB 1, na GitHub inakataa faili linalozidi MB 100, hivyo video ziweke kwingine.

Kama una nia ya kuendelea, nunua jina lako la kikoa mapema. Ukihama huduma, jina linahama nawe na viungo vya watu havifi.

## Hatua 8: Kagua kabla ya kumwambia mtu

Fungua ukurasa kwenye simu. Kisha nakili amri kutoka kwenye ukurasa uliochapishwa, si kutoka kwenye faili lako, na uziendeshe kwenye mashine ambayo haijawahi kusimikwa programu hiyo. Hapo ndipo utagundua hatua uliyoiruka kwa sababu kwenye kompyuta yako ilikuwa imeshafanyika zamani.

Taja leseni pia. CC BY 4.0, leseni ya Creative Commons inayoruhusu wengine kuyatumia mradi wakutaje, inafaa kwa maandishi. Kwa msimbo tumia leseni ya programu kama MIT. Creative Commons wenyewe wanashauri leseni zao zisitumike kwa programu.

## Mambo yakigoma

Panatokea alama za ajabu, mfano `ngâ€™ombe`. Faili limehifadhiwa kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote) lakini linasomwa kama kitu kingine. Hakikisha ukurasa una `<meta charset="utf-8">` karibu na mwanzo. Pandoc ikiwa na `-s` huuweka yenyewe. Ukisahau `-s`, haupo.

Orodha imegeuka aya moja ndefu. Inatokea sana kwenye MkDocs hata kama GitHub iliionyesha vizuri. Weka mstari mtupu kabla ya orodha, na vipengele vya ndani visogeze kwa nafasi nne, siyo mbili.

`mapping values are not allowed here`. Kuna nukta mbili zisizo ndani ya nukuu kwenye utambulisho wa makala au kwenye `mkdocs.yml`. Wakati uko hapo, angalia kama hujatumia kitufe cha Tab. YAML, fomati inayoandikia utambulisho na `mkdocs.yml`, haikitaki.

Pandoc inalalamika kuhusu `title`. Hukuandika kichwa kwenye utambulisho. Ukurasa umetoka, ila utaitwa kwa jina la faili.

`pdflatex not found`. Pandoc inahitaji LaTeX ili kutoa PDF, na LaTeX ni mzigo mkubwa kupakua. Njia ya mkato: tengeneza HTML, ifungue kwenye kivinjari, chagua kuchapa, kisha hifadhi kama PDF.

Ukurasa uko uchi, hauna rangi wala mpangilio. Tovuti yako ipo ndani ya folda, mfano `jina.github.io/mradi/`, lakini viungo vinaanza na `/` na hivyo vinatafuta faili nje ya folda hiyo. Andika anwani kamili kwenye `site_url` ya MkDocs au `baseURL` ya Hugo, na viungo ulivyoviandika mwenyewe uvitoe hiyo `/` ya mwanzo.

Nimechapisha lakini naona ya zamani. GitHub Pages huweza kuchukua hadi dakika 10. Zikipita, bonyeza Ctrl+F5. Kivinjari chako huenda kinakuonyesha nakala kiliyoihifadhi.

Hugo haionyeshi makala mpya kabisa, na hakuna hitilafu. Tazama kama kuna `draft: true` kwenye utambulisho. Kama haipo, tazama tarehe: makala yenye tarehe ya mbele Hugo huiweka kando kimyakimya mpaka siku hiyo ifike nawe uijenge tovuti upya.